Kiazi cha Udongo Mwekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nayda aliwasha moto kwa kinyesi kikavu cha lama, mnyama wa sufu wa milimani, akawatupia simbilisi majani ya shayiri, kisha akachota maji uani akivunja barafu nyembamba iliyoganda juu ya ndoo. Wanyama hao wadogo kama sungura walipiga kelele chini ya meza kana kwamba hawajala tangu wazaliwe. Bibi yake, Eulalia, alikaa karibu na jiko, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya ngozi ya kondoo, akimenya viazi vya supu bila hata kuvitazama. Mguu huo aliuumiza msimu wa mvua, alipoteleza kwenye mawe ya kijito. Tangu hapo Nayda ndiye aliyekuwa miguu yake.

Ijumaa moja, maji yalipoanza kuchemka, kipaza sauti cha ofisi ya kijiji kilikoroma, kikakohoa, kisha sauti ya mwenyekiti ikasikika nyumba zote za Yanakaka. "Wanakijiji, Jumapili ni baraza. Tunapanga mashamba upya. Asikosekane mtu."

"Kupanga upya," alisema Nayda, akiweka ndoo chini kwa kishindo. "Wanasema kupanga, kumbe kunyang'anya."

"Ndoo haijakukosea," alisema Bibi. "Iweke taratibu."

Lakini Nayda alikuwa na kila sababu ya kukasirika. Ardhi ya Yanakaka ni ya kijiji kizima, na baraza ndilo linalogawa. Familia yao, tangu enzi za mama yake Bibi, ililima vishamba vidogo vilivyotawanyika mlimani kuanzia mtoni hadi karibu na kilele, vingine si vikubwa kuliko zizi la kondoo. Kila kimoja kilikuwa na jina lake. Mtoni, palipokuwa na joto, walipanda mahindi na maharage. Juani, kwenye mteremko unaopata mapambazuko ya kwanza, kulikuwa na viazi vya njano vilivyoiva mapema. Kivulini hapakauki kamwe, kwa hiyo huko walipanda uluku, vile vizizi vitelezi vya kupikia mchuzi. Kwenye Mawe Meusi kulikuwa na viazi vyekundu hadi ndani, kwa sababu mawe hukusanya jua mchana na kulitoa joto lake usiku. Na juu kabisa, nyuma ya ukingo wa mlima, kulikuwa na Kisogoni.

Sasa kijiji kilikuwa kimepata trekta la kukodi, na trekta halipandi mlima. Baadhi ya watu walitaka kila familia ipewe shamba moja tu, bondeni kando ya barabara, na wote wapande kiazi kimoja cheupe kinachopendwa na malori ya mjini. Miteremko yote ingeachiwa kondoo. Anayetaka kiazi cheupe na apande kiazi cheupe, nani amemkataza? Lakini kumlazimisha jirani yako naye aache vyake, hilo Nayda hakulielewa, na hakutaka kulielewa.

Kabla supu haijaiva, mwenyekiti mwenyewe, Mzee Evaristo, alibisha hodi. Alikuja na Mama Griselda, jirani mwenye shamba kubwa zaidi kando ya barabara na sauti kubwa zaidi kijijini. Mzee Evaristo hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu mambo yote yawe yamenyooka, na vishamba vya Bibi Eulalia havikunyooka hata kidogo.

"Mama Eulalia, habari ya mguu?" aliuliza akivua kofia.

"Upo. Kaa, ule kiazi."

Mama Griselda alichukua kiazi bila kukaa. "Mama, tunakuja kwa wema tu. Mguu huo hauwezi tena kupanda mlima. Mwanao yuko mbali kwenye machimbo, mkweo anashinda na kondoo. Vishamba vyote hivyo vya nini? Bondeni utapata shamba la maana, uvune kwa siku moja, upumzike."

"Kule bondeni nitapanda nini?"

"Kiazi cheupe. Kiazi ni kiazi."

Nayda alihisi masikio yanamchoma. Kiazi ni kiazi! Na mtu ni mtu, basi tubadilishane watoto. Hilo hakulisema kwa sauti, lakini uso wake ulilisema waziwazi, na Mama Griselda akaliona.

"Huyu binti ananitazama kama nimemuibia kuku."

"Si kuku," alisema Nayda. "Mashamba."

"Nayda," alisema Bibi, na hilo lilitosha.

Mzee Evaristo alikuna kichwa. "Mimi nitakuwa wa haki," alisema. "Mama, siku zote unasema kila shamba lako linatoa kitu ambacho lingine haliwezi kutoa. Haya, Jumapili vilete barazani, tuvione. Kila shamba lilete kitu chake. Kikikosekana hata kimoja, nitajua ni maneno tu, na utahamia bondeni kama wengine."

"Na Kisogoni mtaleta nini?" aliuliza Mama Griselda, mdomo umejaa. "Mawe?"

"Mliza Mkwe," alisema Bibi kwa utulivu.

Mama Griselda aliacha kutafuna. Kila mwanamke wa Yanakaka anakijua Mliza Mkwe: kiazi chenye manundu na mikunjo, ambacho mama mkwe humpa bibi harusi akimenye mbele ya wanawake wote, aonekane kama ana subira. Ukikimenya ovyo kinabaki punje, na unacheka na kulia kwa pamoja. Mama yake Nayda, Sabina, alikimenya siku alipokuja nyumba hii kama mchumba, na mpaka leo watu husimulia jinsi maganda yake yalivyokuwa membamba. Lakini msimu huo mvua ya mawe ilikuwa imeharibu sana mlimani, na wengi walidhani kiazi hicho kimetoweka.

"Kipo?" aliuliza Mzee Evaristo.

"Nayda alikwenda kukitazama baada ya mvua ya mawe," alisema Bibi. "Akaniambia kiko salama."

Nayda aliinamia ndoo, ingawa haikuwa na kitu cha kutazama. Siku ile baada ya mvua ya mawe, alipanda hadi kwenye Mawe Meusi tu. Njia ilikuwa na tope, vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na Rosmeri rafiki yake alikuwa akimngoja wakacheze mpira shuleni. Akageuka. Nyumbani alisema, "Viko salama, Bibi," na Bibi akamshukuru akampa kipande cha jibini. Jibini lile alilila lote.

Jumamosi alitumwa apande hadi Kisogoni akachimbe viazi vichache vya kuonyesha. Shamba hilo huvunwa mwisho, na vilivyobaki wangevivuna wiki ijayo kwa kusaidiana na majirani. Safari hii Nayda alipanda kweli, kijembe kiunoni na mtandio wa kubebea mgongoni, huku akiwakemea kichwani Mzee Evaristo, Mama Griselda, trekta, na dereva wa trekta ambaye hakuwahi hata kumwona. Alipofika ukingoni alisimama. Upande wa shamba unaotazama upepo ulikuwa kama umepigwa kwa fimbo. Hapakuwa na shina hata moja, ni udongo mweusi tu uliogandamana na mawe madogo juu yake.

Alichimba hapa na pale akapata viazi vilivyooza, vyepesi, vinavyonuka. Mbele yake shamba liliuzunguka mwamba mkubwa na kuendelea nyuma yake. Kama mbele pamekufa, alijiambia, nyuma kumepona nini? Ukungu ulikuwa unapanda. Alikaa chini akalia kwa hasira, na hasira yenyewe aliielekeza kwa kila mtu isipokuwa kwa yule aliyepaswa kuipata. Kisha akateremka.

Rosmeri alimkuta kwenye kijito, akinawa uso.

"Umefiwa?"

Nayda alimweleza yote. Rosmeri alikuwa msichana wa kupata dawa ya kila kitu, hata pale pasipohitajika dawa. "Shangazi yangu ametoka ng'ambo ya bonde jana, kwenye soko la kubadilishana," alisema. "Amekuja na viazi vya kila aina, na Mliza Mkwe kimo. Mpelekee chunyo kidogo, atakupa kimoja."

"Lakini hakikutoka Kisogoni."

"Kina jina limeandikwa? Wenzako wanataka kuwanyang'anya mashamba, wewe unaogopa kiazi kimoja. Vingine vyote si vya kweli?"

Ni vya kweli. Hilo ndilo lililomshinda Nayda. Viazi vya njano vilikuwa vya kweli, uluku ulikuwa wa kweli, vyekundu vya Mawe Meusi vilikuwa vya kweli. Dhuluma ilikuwa ya kweli pia. Basi uongo mmoja mdogo, kwa ajili ya haki, una ubaya gani? Alitoa vipande vya chunyo, vile viazi vilivyogandishwa na baridi ya usiku, vikakanyagwa kwa miguu na kukaushwa juani, akapewa kiazi kimoja chenye manundu. Alikisugua kijitoni mpaka maji yakamuumiza mikono.

"Kimoja tu?" aliuliza Bibi jioni, akikigeuza kwenye mwanga wa moto.

"Vingine vimebaki ardhini."

Bibi alikitazama kiazi, kisha akamtazama mjukuu wake, muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Umechoka," alisema. "Nenda ukalale."

Jumapili uwanja wa shule ulijaa watu. Wanaume walikaa ukutani, wanawake walikaa chini na watoto mgongoni, na kila aliyekuja na neno la kusema alikuja pia na mtu wa kumuunga mkono. Bibi Eulalia aliletwa juu ya punda, akakalishwa kwenye kigoda. Nayda na mama yake walitandika mtandio katikati ya uwanja, wakapanga mavuno: mahindi ya rangi mbalimbali, maharage, viazi vya njano, uluku unaong'aa, viazi vyekundu ambavyo Sabina alivikata watu waone ndani. Mwisho wa mstari, peke yake, kiliwekwa Mliza Mkwe.

Watu walisogea. Wazee waliinua hiki na kile, wakitaja majina. Mwanamke mmoja alishika uluku akasema hajauona wa rangi ile tangu akiwa msichana. Nayda alisimama kidevu juu. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kwa maneno makali, na sasa yakamtoka.

"Haya, semeni kiazi ni kiazi," alisema, akimtazama Mama Griselda. "Mnataka tuache hivi vyote kwa sababu trekta limechoka kupanda mlima. Kwani mlima ulitengenezwa kwa ajili ya trekta? Hivi vimekuwepo kabla barabara haijakuwepo. Si haki, na kila mtu hapa anajua si haki."

Watu wengine walicheka, wengine walinung'unika kumuunga mkono. Mzee Evaristo alianza kukuna kichwa, dalili nzuri. Ndipo Mama Griselda alipoinama akachukua Mliza Mkwe.

Alikigeuza, akaingiza ukucha wa kidole kidogo ndani kabisa ya mkunjo mmoja, akachokonoa. Kisha akanyoosha kidole juu wote waone. Juu ya ukucha kulikuwa na tope kidogo, jekundu kama tofali.

"Jamani," alisema, na safari hii sauti yake haikuwa kubwa. "Kisogoni kuna udongo wa rangi gani?"

Hapakuwa na haja ya kujibu. Mlima wote wa Yanakaka, kuanzia mtoni hadi kilele, una udongo mweusi kama masizi. Udongo mwekundu uko ng'ambo, upande wa pili wa bonde. Kiazi laini unaweza kukisugua kikatakata, lakini Mliza Mkwe huficha udongo wa kwao ndani ya mikunjo, wala hakuna maji yanayoufikia.

"Hiki wamekitoa sokoni," alisema Mama Griselda. "Na kama hiki ni cha sokoni, hivi vingine je? Hata mahindi haya nani anajua? Wametuona watoto wadogo."

Kelele zilianza. Waliokuwa wakiinua viazi kwa heshima sasa waliviangusha kama vimewachoma. Yule mwanamke wa uluku aliifuta mikono yake kwenye sketi. Sabina alisimama, uso umemwiva. "Hivi nimevichimba kwa mikono yangu," alisema, lakini nani alimsikiliza? Bibi Eulalia juu ya kigoda chake aligeuka. Alimtazama Nayda tu.

Nayda alitamani kukasirika. Alitafuta hasira yake, ile iliyomshibisha siku tatu nzima, akaikosa. Pale ilipokuwa alikuta lile jibini alilopewa na Bibi.

"Ni mimi," alisema. Hakuna aliyesikia. Akapanda juu ya jiwe la mlingoti wa bendera. "Ni mimi. Hicho nilikipata kwa shangazi yake Rosmeri. Bibi hakujua, mama hakujua. Baada ya mvua ya mawe sikufika Kisogoni. Niliishia Mawe Meusi, nikamdanganya Bibi kwamba viko salama. Jana nimekuta vimeoza. Nikaona aibu."

Rosmeri, kwenye kundi la wasichana, alitazama viatu vyake.

Mzee Evaristo alivuta pumzi. "Basi shauri limekwisha. Nilisema kikikosekana hata kimoja."

"Cha Kisogoni kimekosekana," alisema Nayda. "Kwa sababu yangu. Lakini vingine ni vyetu. Bibi huacha mstari wa mbegu ardhini kila shamba. Bado upo. Twendeni mchimbe wenyewe."

"Mtoto aliyedanganya asubuhi hii tumwamini sasa kwa nini?" aliuliza Mama Griselda.

"Msiniamini mimi. Angalieni udongo."

Yule mwanamke wa uluku alijifunga mtandio wake mgongoni. "Mimi nakwenda," alisema. "Nikiambiwa uongo nitakuja kuusema hapahapa." Wengine wakainuka. Mzee Evaristo alitazama mlima kwa huzuni ya mtu anayejua magoti yake, lakini mwenyekiti hawezi kubaki chini watu wake wakipanda.

Wakapanda. Mtoni walichimbua mizizi ya maharage, udongo mweusi wenye unyevu. Mzee Evaristo aliuliza kwa nini mahindi hayapandwi juu zaidi, Sabina akamjibu kwamba juu ya pale baridi huyaua kabla hayajatoa punje, na kila mtu alijua ni kweli, ila hakuwa ameulizwa siku nyingi. Juani walipata viazi vya njano. Walipokata kona tu kuingia Kivulini, upepo ulibadilika, nyasi zikawa nyingine, na mtu akateleza. Kati ya mashamba hayo mawili ungeweza kurusha jiwe likafika, lakini moja hupokea jua asubuhi nzima na lingine halilioni mpaka saa za adhuhuri. Uluku ulikuwamo, umejificha mtelezoni, mweusi kwa udongo.

Kwenye Mawe Meusi Mama Griselda mwenyewe alishika kijembe. Alichimba kwa nguvu, kama anayetafuta kosa, akatoa kiazi, akakivunja kwa mikono. Kilikuwa chekundu hadi ndani. Alikaa juu ya jiwe akihema.

"Hapa niliwahi kupanda cheupe," alisema ghafla, bila kumtazama mtu. "Kipande kile pale, mwaka aliozaliwa mdogo wangu wa mwisho. Jalidi, ile baridi inayogandisha mpaka udongo, ilikiua chote usiku mmoja. Sikuwaambia watu, nikasema wezi."

Hakuna aliyecheka, ingawa wawili watatu walitamani sana.

"Basi yatosha," alisema Mzee Evaristo. "Tumeona. Ila Kisogoni..."

"Tufike," alisema Nayda. "Jana sikufika mpaka mwisho."

Upande wa upepo ulikuwa vilevile, umepigwa, umekufa. Watu walitikisa vichwa. Nayda hakusimama. Aliuzunguka mwamba mkubwa, mkono mmoja ukigusa jiwe, na nyuma yake upepo ukakatika kama mlango umefungwa. Hapo, chini ya kifua cha mwamba, kulikuwa na mistari ya mashina makavu yaliyosimama wima. Mvua ya mawe ilitoka upande mmoja, na mwamba ukaipokea yote mgongoni.

Alipiga magoti. Akakiweka kijembe kando, akachimba kwa vidole. Kilichotoka kilikuwa na manundu na mikunjo, baridi, kizito. Hakukisugua. Alikipeleka moja kwa moja kwa Mama Griselda akakinyoosha mbele yake.

Mama Griselda aliingiza ukucha ndani ya mkunjo, akachokonoa, akatazama. Mweusi. Alichagua mkunjo mwingine, mrefu zaidi, akachokonoa tena. Mweusi.

"Ni cha hapa," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama mkwe wangu alinipa kama hiki. Nililia mpaka nikajikata."

Baraza lilimalizika mlimani, jambo ambalo halijawahi kutokea Yanakaka. Mzee Evaristo alisema kwamba trekta litabaki bondeni kwa wanaolitaka, na hakuna atakayenyang'anywa kishamba chake cha mlimani bila ridhaa yake. Kuhusu Kisogoni, alisema familia ya Mama Eulalia itoe mbegu ya Mliza Mkwe kwa kila nyumba itakayoomba, ili siku nyingine kiazi hicho kisitegemee mwamba mmoja na miguu ya mtoto mmoja. Watu waliinua mikono. Wa Mama Griselda ulichelewa, lakini uliinuka.

Nyumbani Nayda aliweka mtandio uliojaa mbele ya Bibi, akasimama mikono nyuma. Hakujua kama ataadhibiwa au atasifiwa, na aliona kwamba angestahili vyote viwili.

"Ulijua jana usiku?" aliuliza.

"Nilijua kuna kitu. Nilitumaini utaniambia mwenyewe. Hilo ni kosa langu, nimelilipia leo barazani." Bibi alimvuta akamkalisha kwenye ngozi ya kondoo. "Sikiliza, mjukuu wangu. Hasira yako ilikuwa ya haki. Walitaka kutudhulumu, na ulikuwa sahihi kusema. Lakini ulipochanganya haki yetu na uongo mmoja, uliwapa sababu ya kuukataa ukweli wote. Mama yako amechimba viazi hivi mpaka kucha zimeisha, na leo alisimama pale hana wa kumwamini. Kama ungefika Kisogoni siku ile, au hata jana ungeuzunguka mwamba, hatungehitaji kudanganya wala kulia. Anayetetea kitu lazima kwanza akijue, na kujua ni kazi. Kunataka miguu."

"Ndiyo, Bibi."

"Shika." Bibi alimpa Mliza Mkwe kimoja na kisu kidogo. "Menya. Na ole wako niyaone maganda manene."

"Mimi si mkwe wa mtu."

"Huhitaji kuwa mkwe ili ulie."

Nayda alimenya. Kisu kiliteleza kwenye nundu la kwanza, kikakwama kwenye la pili, na kabla hajafika nusu machozi yalikuwa yanadondokea maganda, akicheka huku pua imejaa. Bibi naye alifungua mkono wake mwingine. Ndani yake kulikuwa na kile kiazi cha sokoni, alichokiokota uwanjani watu walipokitupa.

"Kesho kabla ya shule utakipeleka kwa shangazi yake Rosmeri, akirudishe kwao ng'ambo kikapandwe."

"Tusikipike tu?"

"Hapana," alisema Bibi, akikifuta vumbi la uwanjani kwa kidole gumba, na kuuacha ule wekundu mikunjoni. "Hiki hakijamkosea mtu. Wewe ulisema kimetoka Kisogoni. Chenyewe kilibeba udongo wa kwao mpaka katikati ya baraza, kikasema kilikotoka."